Kovu Liwe na Sababu
Kofia ya vita ya mhusika Boba Fett, aliyoipaka rangi Joe Johnston kwa filamu ya Star Wars ya 1980, ina bonyeo pajini na michubuko inayofichua rangi ya fedha. Anayetengeneza nakala yake hutangulia na fedha, akapaka haradali panapotakiwa kuchubuka, kisha akapuliza kijani juu. Rangi hiyo ikikauka, haradali hufutwa na “chuma” kikachungulia. Baadaye huja rangi nyeusi iliyozimuliwa, hupakwa na kufutwa papo hapo ili ibaki miferejini tu. Wengi huharibia kwenye msasa, wakakwaruza kila mahali. Jamani, kifaa cha vita huchakaa kingoni na kinaposhikwa! Kabla ya kukwaruza, amua kwanza mwenye kofia aliangukia upande gani.