Taa ya injini imewaka? Usikimbilie spea kwanza

Wapambanaji wenzangu mnaouza mtandaoni na kupeleka mizigo kwa gari kuukuu, leo tubishane kidogo. Ile taa ya njano yenye picha ya injini inakula mitaji yetu, na mara nyingi siyo kwa sababu gari imekufa. Ni kwa sababu tunanunua spea kwa kubahatisha.

Huku Muyama ni milima na vumbi. Ukipakia madumu ya mawese na maharage kwenda Kasulu au Kibondo, kuna siku taa itawaka tu. Kinachofuata mnakijua: mtu anakwambia "hiyo ni sensa ya oksijeni", unatuma hela, sensa inakuja na basi, inafungwa, na baada ya siku mbili taa imerudi. Faida ya mwezi imeondoka na mteja wa Kibondo bado anauliza mzigo wake uko wapi.

Mimi nasema hivi: usitoe hela ya spea kabla namba ya hitilafu haijasomwa. Mafundi wanaiita kodi (siyo ile ya TRA). Gari nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina soketi ya matundu 16 chini ya usukani. Unachomeka kisomeo kidogo kama ELM327, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth, namba inatokea. Corolla za zamani zaidi, za miaka ya 90 mwanzoni, fundi anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kupiga stata, kisha anahesabu taa inavyopepesa. Hilo mwachie fundi, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Sasa, namba inataja dalili, haitaji spea. Hapa ndipo wengi tunapigwa. Chukua P0171: injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imejaa vumbi, au pampu ya mafuta imechoka. Mpira unaupapasa kwa mkono injini ikiwa imezimwa na imepoa, bure kabisa. Kwa nini uanze na sensa ya oksijeni?

Au P0301, yaani silinda namba 1 inamisi. Kwa injini yenye koili moja kwa kila silinda, kama nyingi za Probox na IST, mwambie fundi abadilishane koili ya silinda 1 na ya 2, afute namba, muendeshe tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu, nunua koili moja. Ikibaki P0301, angalieni plagi kwanza. Fundi anayekataa jaribio hilo la dakika chache na kukulazimisha ununue koili zote nne, mimi simpi gari yangu.

Kuhusu kuendelea na safari: taa ikiwaka bila kupepesa na gari inavuta kawaida, peleka mzigo taratibu, ukirudi pima. Ikipepesa huku gari inamisi mlimani, punguza mwendo na usimame. Petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi, inayachoma. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine kabisa: simama mahali salama, zima injini hapo hapo.

Kuchomoa temino ya betri ili taa izime siyo kutengeneza. Umefuta ushahidi tu, na fundi atakayekuja atapima gari isiyosema kitu.

Nyie mnaouza spea na visomeo mtandaoni, mteja akiuliza sensa, muulizeni namba iliyosomwa, aina ya gari na mwaka wake kabla hamjapokea hela. Mtapoteza oda moja moja, sawa, lakini mtapunguza ugomvi wa kurudishiana mizigo.

Na kama unatafuta gari ya mkononi kwa ajili ya delivari, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata asikuonyeshe ugonjwa. Muulize muuzaji kabla hujaanza kuongea bei.