BARAKA: Barieri zinapokea makuta kila siku, lakini tiyo ya esanse haiangaliwi na mtu

Baraka, teritware ya Fizi, Kivu Kusini. Wakaaji wengi wa Baraka wamekwisha kuona bidoni ya njano ya lita 20 ikiwekwa ndani ya gari nyuma ya kiti cha shofere, tiyo ya plastiki inayoangaza ikitoka mdomoni mwa bidoni, ikipita chini ya miguu ya abiria na kuingia kwenye injini kwa tundu lililotobolewa kwa msumari. Abiria analipa nauli, anaweka mtoto wake magotini, harufu inampanda kichwani, ananyamaza. Akiuliza, anajibiwa: “Mama, gari inatembea, hauoni?”

Ndiyo, gari inatembea. Lakini hata gari itakayoungua huwa inatembea kwanza.

Haki ya mafundi wetu isemwe mapema, maana hapa hakuna anayetaka kuwadharau. Vijana wa magaraji ya Baraka na Fizi-centre wanafanya kazi ambayo wengine wenye mashini za kompyuta wangeikimbia. Gari imezeeka, injini yake imekufa, kipuri chake hakipatikani. Fundi anatafuta injini ya gari ya aina nyingine, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, anaikata miguu, anaichomelea mingine, anaipandisha, na jioni inawaka. Huo ni ufundi wa kweli. Tatizo linaanza saa ile injini imekwisha kukaa mahali pake, mwenye gari amechoka kutoa feza, shofere anapiga simu kwamba abiria wanangoja, na kumebaki jambo moja tu: kuipelekea injini mpya esanse. Mara nyingi hapo ufundi unakwisha, na kazi anaachiwa mwanagenzi.

Injini ya zamani yenye karburateri inapokea esanse kwa nguvu ndogo sana, chini ya nusu ya bari. Hata esanse inayoteremka yenyewe kutoka bidoni iliyo juu inaweza kutosha. Injini za enjeksheni, ambazo ndizo zinapandishwa siku hizi juu ya mwendo na nguvu, zinataka pombi ya umeme inayosukuma esanse kwa kama bari 3. Pine ya gari ndogo inajazwa upepo wa kama bari 2 tu. Sasa fikiria upepo unaozidi ule wa pine, lakini ni esanse, ndani ya tiyo ile ambayo waashi wanapimia usawa wa ukuta kwa maji. Tiyo hiyo haikutengenezwa kwa esanse. Esanse inakula ule ulaini wake, inageuka rangi ya njano, inakauka kama kijiti, na siku moja inapasuka palipokunjwa au palipo karibu na bomba la moshi. Ncha zake zimefungwa na waya, au na kipande cha mpira wa ndani ya pine. Waya unakata tiyo, na mpira wa pine unalegea ukilowa esanse.

Tiyo ya kazi hiyo inajulikana. Ni mpira mzito wenye nyuzi katikati, umeandikwa ubavuni kwamba ni wa esanse, na ile ya enjeksheni inaandikwa kwamba ni ya enjeksheni, kwa sababu ya karburateri haiwezi kuvumilia nguvu hiyo. Inafungwa na kolye za visi pande mbili, inashikwa kwenye bodi isicheze, inapitishwa mbali na bomba la moshi, nje ya sehemu wanamokaa watu. Injini nyingi za enjeksheni zinadai pia tiyo ya pili, inayorudisha kwenye tanki esanse isiyotumika. Fundi akiiziba kwa kutaka kupunguza kazi, nguvu inazidi kipimo, na pale palipo pabovu ndipo patakapofunguka.

Kuna wanaosema mambo hayo ni ya wazungu. Twende basi Naivasha, Kenya, ambako mashindano ya Safari Rally yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Gari za mashindano zinabadilishwa injini na tiyo kama zetu, tena kupita zetu. Lakini kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo, FIA, zinadai tiyo ya esanse iweze kuvumilia bari 70 kabla ya kupasuka, na joto la digrii 135, na ikipita ndani wanamokaa watu isiungwe humo hata mara moja. Gari hiyo inabeba watu wawili, wamevaa nguo zisizoshika moto haraka, wanakimbia kwa mchezo na kwa feza. Gari ya kutoka Baraka kupanda Fizi-centre inabeba mama na watoto, godoro, mbabula na kuku. Nani kati yao alistahili tiyo nzuri zaidi?

Jibu la pili ni kwamba vifaa havipatikani. Jibu hili linachekesha. Bia inafika Baraka. Simu, pikipiki na vipuri vyake vinafika, vingine kwa maboti kutoka Kigoma. Mpira wa esanse ni mwepesi, hauozi, hauvunjiki, mchuuzi anaweza kuuzungusha ndani ya mfuko. Haufiki kwa sababu hakuna anayeuliza. Siku ambayo wenye magari watauliza, utafika wiki ile ile pamoja na mafuta ya kupaka.

Na hapa inafaa kutaja wanaosimamisha magari. Kutoka Uvira kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, barieri hazikosekani. Shofere anashuka, anaonyesha karatasi, mkono unakutana na mkono, anaendelea. Karatasi inasomwa, kapo haifunguliwi. Hakuna anayeinama kunusa chini ya kiti. Kama mtu ana muda wa kuhesabu abiria ili ajue achukue kiasi gani, ana muda wa kuuliza ile bidoni inafanya nini pale. Kuangalia tiyo ya esanse hakuhitaji mashini wala semina ya siku tatu hotelini. Kunahitaji macho, pua na dakika mbili.

Watu wa mkoa huu hawana sababu ya kujifanya hawajui esanse inafanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika bonde la Ruzizi, lori la esanse lilipinduka ndani ya makazi usiku, wakati wengine wamejazana kwenye vibanda vya kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Esanse ilimwagika, watu wakakaribia, wengine wakachota, kisha moto ukawaka. Waliokufa walizidi 230. Ile ilikuwa lori nzima, kweli, lakini lita 20 ndani ya gari iliyofungwa vioo hazihitaji mji mzima kuua. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unalala sakafuni, pale pale walipokaa watoto, na unangoja cheche ya betri au sigara ya shofere. Mazutu inataka ipashwe moto kupita digrii 50 ndipo mvuke wake ushike. Esanse inashika hata kwenye baridi kali. Kwa hiyo anayesema “Fuso nayo inatembea na bidoni” analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Wanaoumia zaidi ni wale wasio na nafasi ya kuchagua. Familia iliyokimbia vita vya nyanda za juu, au iliyotoka upande wa Uvira na mizigo kichwani, haiulizi gari imefungwa tiyo gani. Inapanda ile iliyosimama. Basi wa kuuliza ni wengine: mwenye gari, anayejua vizuri kile alichokataa kununua, na mashirika yanayokodi magari na maboti ya kubeba misaada kwenda kwa wakimbizi wa ndani. Mashirika hayo yana masharti marefu juu ya risiti. Waongeze mstari mmoja: bidoni ndani ya gari, hakuna mkataba. Viongozi wa chama cha mashofere nao wanajua gari zote za barabara hii kwa majina. Wakikataza bidoni kwenye parkingi, haitapakia.

Ziwani ni yale yale, na pengine mabaya zaidi. Mitumbwi ya moteri inayovuka kutoka Baraka kwenda Ubwari inabeba akiba ya esanse katikati ya watu. Moteri ya nyuma ina tiyo yake maalum, yenye kipira cha kukamua kwa mkono. Ikikatika, inaungwa na ile ile ya waashi, na kijana anafyonza esanse kwa mdomo ili ianze kutiririka. Esanse ikiingia mapafuni inaweza kumuua bila moto wowote. Na ikiwaka katikati ya maji, abiria atakimbilia wapi?

Kwa abiria wa kesho asubuhi: kabla ya kulipa, angalia chini ya kiti. Ukiona bidoni yenye tiyo, shuka, sema kwa sauti kwa nini unashuka, na dai nauli yako kama umekwisha kuitoa. Mmoja akishuka atachekwa, lakini watano wakishuka pamoja, shofere atampigia simu mwenye gari, na mwenye gari atajua duka la kununua mita mbili za mpira.