Video za Maulidi Yetu: Tutunze Iliyo Mbichi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wa hapa Gongoni, naomba nafasi kidogo nizungumzie video zetu za maulidi na za watoto kuhitimu juzuu. Nyingi zinapendeza, mashaallah. Lakini ukitaka kumsikia mtoto anasoma nini, humsikii. Sauti yake imetiwa mwangwi, chini yake inapita kaswida, na mbele ya uso wake yanadondoka maua. Mwalimu anayetaka kujua kama Haa imetoka kooni mahali pake atasikiliza nini hapo?

Wapo wanaodhani video ni kitu kimoja. Sivyo. Kwenye programu ya kuhariri, fundi hupanga matabaka, wenyewe huyaita leya, kama mtu anavyotandika mikeka: wa juu huuficha wa chini, isipokuwa wa juu uwe na matundu au uwe mwepesi kama chandarua. Mtoto ni mkeka mmoja, maua mwingine, jina lake mwingine. Akisimama mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta huiondoa rangi ile yote, na mahali pake huonekana Al-Kaaba iliyotandikwa chini. (Aliyevaa kanzu ya kijani siku hiyo atabaki kichwa kinachoelea!)

Hadi hapo hakuna kilichoharibika. Fundi anaweza kuyatoa maua na kuizima kaswida. Mambo hubadilika kazi ikirendwa. Kurenda ni kompyuta kuikokotoa picha moja moja, ikiyabana matabaka yote yawe kitu kimoja. Kwa kipimo cha picha 25 kwa sekunde, saa moja ni picha 90,000. Waliofanya kazi hii wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006 wanaijua adha yake: umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Na ikishamalizika, ile DVD unayopewa haina leya tena. Ni uji uliokwisha kutiwa sukari.

Zamani mafundi walikuwa na udhuru. Saa moja ya mkanda wa MiniDV ilijaza gigabaiti 13 hivi kwenye kompyuta, na DVD ya kawaida hubeba 4.7 tu. Wengi walifuta, kisha mkanda uleule ukaenda kurekodi harusi ya watu wengine. Leo diski inayoenea mfukoni inabeba maulidi ya miaka mingi.

Sizipingi mbwembwe. Katika filamu ya kutunga, mfano Shumileta ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, ni sehemu ya kisa na mtazamaji anajua anaangalia kisa. Video yetu ni kumbukumbu. Leo Al-Kaaba nyuma ya mtoto ni pambo na sote tunacheka. Wajukuu zake watauliza babu alihiji lini, na nani atawajibu?

Basi naishauri kamati: tunapopatana na fundi, tusimmalizie fedha zake mpaka akabidhi na faili mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Ziwekwe kwenye diski mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mlezi wa madrasa. Na mzazi mwenye mkanda wa zamani, hata wa VHS, wenye sauti za masheikh wetu waliotangulia, auwasilishe kwa mwalimu mkuu kabla ukungu haujaumaliza.

Wabillahi tawfiq.