Pasta, nganda na karatasi tupu

Filme nyingi za kauboi zinamaliza mambo kwa risasi. Stars in My Crown, ya mwaka 1950, inaanza na bastola, kisha inaziweka kando.

Pasta Josiah Gray (Joel McCrea) anafika Walesburg, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anaingia moja kwa moja ndani ya nganda na kusema atahubiri. Walevi wanacheka. Anatoa bastola mbili, kicheko kinakwisha. Watu wanaipenda sana sehemu hiyo. Mimi naiona nyepesi: mwenye silaha anasikilizwa hata akisema upuuzi.

Haikuwa filme ya pesa nyingi. Jacques Tourneur, mzaliwa wa Ufaransa, aliitamani hata akakubali malipo madogo ili aiongoze.

Jambo lenyewe linakuja baadaye. Mzee Famous Prill, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, ana shamba lake. Lon Backett anachimba mika jirani, na madini yake sasa yanaelekea chini ya shamba la mzee. Anataka kununua; mzee anakataa. Wakaaji wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Mimea inaharibiwa, kisha usiku wanakuja watu waliofunika nyuso kwa vitambaa, tayari kumnyonga.

Pasta anakwenda bila bastola. Anaomba tu kuwasomea wosia wa mzee. Anawataja mmoja mmoja, wakiwa wamejifunika vile vile: huyu anaachiwa kitu hiki, yule kile, maana mzee anawajua tangu utoto. Wanaondoka kimya. Mtoto anaokota zile karatasi: hazina hata neno moja.

Kuna atakayesema ni hadithi ya watoto, aibu haizuii kamba. Ni kweli, iliwezekana kwa sababu walikuwa majirani. Anayetoka mbali kufuata madini, nani atalisoma jina lake? Na filme haionyeshi mahakama yoyote.

Lakini pasta yule hakuhubiri amani kwa ujumla. Alitaja majina. Kwetu tunaombea amani kila siku ya Mungu, na aliyenyang'anya shamba la jirani anakaa kiti cha mbele, sadaka yake inapigiwa makofi.