Usingizi wa Mamoti na Maneno ya Akili Mnemba

Siku hizi mkazi wa Matema au Ipinda mwenye simu janja anaweza kuiuliza akili mnemba juu ya afya yake kabla hajamwona tabibu. Hilo si baya. Linalohitaji tahadhari ni lugha ya majibu yenyewe.

Programu hizi zina mazoea ya maneno. Watafiti waliopitia mihtasari zaidi ya milioni 15 ya makala za tiba, ya miaka 2010 hadi 2024, walibaini kwamba maneno fulani ya mapambo yaliongezeka ghafla baada ya programu hizo kuenea. Walikadiria kuwa angalau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka 2024 ilipitia humo. Katika Kiswahili nako tunakutana na "ni muhimu kutambua" na "una mchango mkubwa". Maneno hayo hayana kosa, ila hayana kipimo.

Tuchukue mfano wa usingizi na uzee. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa mamoti wa Colorado, Marekani, mnyama mgugunaji anayekaribiana kwa umbo na pimbi wetu. Mamoti hulala miezi 7 hadi 8 ya majira ya baridi. Alama za kikemikali katika DNA ya damu ya majike 73 zilionyesha kwamba katika kipindi hicho kuzeeka kwao karibu husimama. Lakini usingizi huo si kama wetu: mnyama hali chakula, joto la mwili hushuka mno, na mwili hutumia nguvu kidogo sana. Binadamu aliyelala usiku haingii katika hali hiyo.

Sasa sema tu, "usingizi mrefu una mchango mkubwa katika kuzuia uzee." Mnyama, joto na kipimo vimetoweka; umebaki uongo mtamu. Kyela kuna malaria, na huko uongo huo waweza kuua. Mzee anayelala isivyo kawaida, tena haamki kwa urahisi, hapumziki wala hajiongezei miaka. Hiyo ni dalili ya hatari, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila jibu la simu liulize: nani alichunguzwa, nini kilipimwa, na je, linanihusu mimi? Nawe mhudumu mwenzangu, usibandike ukutani maneno ya mashine kama yalivyo. Yahakiki, uyapunguze, kisha mweleze mgonjwa kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kinyakyusa ikibidi, afanye nini na lini arudi.