Nilikwenda Kusoma Uhasibu, Nikawa Muuguzi: Mchepuo Usiwe Hukumu ya Maisha



Leo nataka kusema jambo ambalo wengi tunalijua lakini tunalificha tunapoongea na wazee kwenye simu. Kozi uliyoagwa nayo uwanja wa ndege mara nyingi siyo utakayomaliza nayo. Nyumbani hali hii huitwa kupotea. Mimi sikubaliani, na nitajitoa mwenyewe kuwa mfano.

Nilitoka Tanga mwaka 2011, nikiwa na miaka 20, kuja Uingereza kusoma uhasibu. Kidato cha tano na cha sita nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Sikuuchagua mchepuo huo kwa mapenzi. Kidato cha nne nilipata C ya baiolojia, D ya kemia na F ya fizikia, na hapo hapo mlango wa hospitali ukafungwa nikiwa na miaka 17. Baba yangu, karani mstaafu, aliuza kiwanja chake cha Pongwe ili nilipe ada. Kiwanja kizima kililipa mwaka mmoja tu. Ukiagwa namna hiyo utathubutu vipi kusema kwamba hesabu za vitabu hazikuingii kichwani?

Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nikaenda kubeba boksi kama wenzangu. Boksi langu lilikuwa nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yenyewe ilikuwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi: kuwageuza, kuwaosha, kuwabadilisha, kuwalisha. Muuguzi wa zamu alinifundisha kutazama ngozi ya mgongo na visigino kabla kidonda hakijafunguka. Baada ya miezi michache nikawa mimi ndiye ninayemwita yeye: njoo uone, hapa panaanza kubadilika rangi. Siku moja akaniuliza kwa nini napoteza muda wangu na uhasibu. Sikuwa na jibu.

Nikaenda kwa mshauri wa masomo pale chuoni. Alitaka kuona Kiingereza, hisabati na somo moja la sayansi. Baiolojia yangu ya kidato cha nne, pamoja na mwaka mmoja niliokwisha kusoma chuoni, vikatosha kuniita kwenye usaili. Hakuna aliyeniuliza mchepuo. Mwaka 2012 nikaanza uuguzi kuanzia mwanzo. Ni miaka 3 na saa 4,600, nusu darasani na nusu wodini, na ada ya mwanafunzi wa nje haikupungua hata senti. Nilimaliza mwaka 2015 nikiwa na madeni ya ndugu wa pande zote mbili.

Baba sikumwambia. Miezi minane nilimdanganya kwenye simu, akiuliza mitihani ya uhasibu nasema inaendelea vizuri. Nilipokiri alikaa kimya, kisha akasema: "Niliuza kiwanja usome." Basi. Lakini majirani aliendelea kuwaambia kuwa mwanawe ni mhasibu, mpaka siku nilipohitimu.

Wanaosema kubadili njia ni kupotea nawakumbusha Mwalimu Nyerere. Alikuwa mwalimu wa baiolojia pale Tabora. Akaenda Edinburgh mwaka 1949, na mwaka 1952 akarudi na shahada ya sanaa. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa na yeye akiwa kiongozi wake. Sijilinganishi naye, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba kusoma ugenini hukuonyesha kazi na fikra ambazo kijijini kwenu hazikuwapo mbele ya macho yako. Kama hakikubadilishi chochote, nauli imepotea bure.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Tangu mwaka 2016 nafanya kazi kitengo cha figo, kuwasafisha wagonjwa damu kwa mashine. Mwaka 2022 nilikuwa likizo nyumbani, nikaenda hospitali moja kuuliza kama naweza kurudi kufanya kazi hiyo, hata kwa mkataba mfupi. Ofisa alitazama vyeti vyangu akauliza: "Fomu siksi ulisoma mchepuo gani?" Nikasema ECA. Akacheka, akafunga faili. Miaka sita ya mashine haikuuliziwa hata swali moja.

Hivi kweli tuna wauguzi wa figo wa kuchezea? Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Dodoma wakafuata mwaka 2018. Huduma inakua, na kila mashine inataka mtu anayeijua.

Sisemi vigezo vifutwe. Mgonjwa lazima alindwe, na vyeti vya kughushi vipo. Lakini Waingereza nao humpima muuguzi aliyesoma nje: mtihani wa kompyuta, halafu mtihani wa vitendo mbele ya wasimamizi. Ukishindwa, umeshindwa. Nasi tufanye hivyo hivyo. Nipimeni. Nikianguka nitarudi nilikotoka bila kinyongo. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa nyumbani zikafika 65, nami napongeza. Lakini vyumba vikiongezwa na kila kimoja kikaendelea kufungwa kwa nje, mtoto wa miaka 17 amenufaika nini?

Kwa upande wetu tulioko huku, tusidanganyane pia. Si kila aliyebadili njia alifika. Wapo walioacha darasa wakafuata shifti, wakafukuzwa chuo na viza ikafutwa. Hao hawakubadili kozi, waliiacha. Na masharti ya leo si ya mwaka 2012. Tangu Julai 2023 mwanafunzi hawezi kuhamia viza ya kazi Uingereza kabla ya kumaliza kozi yake, na kubadili kozi kunaweza kukudai viza mpya. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiona moyo unahama, nenda kwanza kwa mshauri wa chuo, piga hesabu ya ada yote mpaka mwisho, halafu piga simu nyumbani wiki hiyo hiyo. Usifanye kama nilivyofanya mimi. Miezi ile minane ilinitesa kuliko mitihani.

Wazazi nao nawaomba, mnapomsafirisha mtoto msimwapishe kozi. Mwulizeni anasoma nini, na mwulizeni pia kazi yake ya usiku inamfundisha nini. Na wakubwa wenye dhamana ya ajira za afya, wekeni huo mtihani. Tupo wengi tutakaokuja kuufanya.

Naomba kuwasilisha.