“Ni rezo tu” si jibu: watu wa Goma waambiwe intaneti imekatikia wapi

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Kuna neno moja ambalo limekuwa jibu la kila kitu katika mji huu. Mama wa kabini akishindwa kumtolea mteja pesa, ni rezo. Familia ya wakimbizi wa ndani ikikosa ujumbe wa kuitwa kwenye ugawaji wa chakula, ni rezo. Mwanafunzi akinunua mega za siku nzima na ukurasa mmoja usifunguke, ni rezo. Makampuni ya simu, viongozi na mashirika ya misaada wote wamelizoea neno hilo, na wananchi wamelipokea kama wanavyopokea mvua.

Hapo ndipo kosa lilipo. Mvua hakuna anayeiuza wala anayeizima. Intaneti inajengwa na watu, inauzwa na watu, na mara nyingine inazimwa na watu. Ikikatika, kuna mahali ilipokatikia, na kuna mtu anayepajua. Aliyelipa mega zake ana haki ya kuambiwa.

Haki hiyo haitadaiwa na watu wasiojua wanadai nini. Kwa hiyo ni lazima kwanza jambo lenyewe lieleweke.

INTANETI HAIKO HEWANI

Wengi hudhani intaneti iko hewani kwa sababu simu haina waya. Hewa ni sehemu fupi tu ya safari. Simu ya mtu aliye Ndosho inaongea na antene ya karibu, mita mia kadhaa au kilomita chache. Kutoka pale ujumbe unaingia katika faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, au unarushwa kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, mpaka kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Kampuni hiyo nayo imeunganishwa na makampuni mengine makubwa zaidi, na mwisho wake ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Intaneti maana yake ni mtandao wa mitandao. Ni maelfu ya mitandao, kila mmoja na mwenyewe, iliyokubaliana kupitishiana mizigo kwa kanuni moja. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 1983 katika mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET, ambao ulizaliwa mwaka 1969. Hakuna mfalme wa intaneti. Kuna majirani wenye mapatano, na jirani akifunga mlango, wa nyuma yake wanabaki gizani.

Sasa tazama Goma iko wapi. Upande wa magharibi, waya wa baharini uitwao WACS unafika nchini pale Muanda, kwenye Atlantiki, tangu mwaka 2013. Kutoka Goma hadi Muanda ni zaidi ya kilomita 1,900 kwa mstari ulionyooka, na hakuna hata barabara ya lami inayotoka hapa mpaka Kinshasa. Upande wa mashariki, Mombasa iko kama kilomita 1,200, na nyaya za baharini kama SEACOM zilifika pwani hiyo tangu mwaka 2009. Lakini kufika huko ni lazima kuvuka mipaka ya nchi nyingine. Kwa hiyo mji huu uko mbali na bahari zote mbili, na kila mega inayonunuliwa Birere imebeba gharama ya njia hiyo ndefu na ya kila mlango uliopitiwa.

NJIA YA SAKE NA NJIA YA ZIWA

Siri kubwa ya intaneti ni hii: ujumbe hausafiri mzima. Picha ya mtoto inayotumwa kwa shangazi aliye Kampala inakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti inaandikwa anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda na namba yake. Katika kila njia panda kuna mtambo uitwao ruta. Ruta inasoma anwani na kuamua: pita huku. Njia moja ikifungwa, ruta zinapeana habari na pakiti zinazunguka kwa njia nyingine. Zikifika, simu ya shangazi inazipanga kwa namba. Iliyopotea inaombwa tena.

Watu wa Goma wanalijua jambo hili kuliko wanavyofikiri. Mapema mwaka 2024, vita vilipofunga njia ya Sake, maharagwe na mboga kutoka Masisi na Kalehe havikuacha kutafutwa. Mizigo ilishuka Minova, ikapanda mashua, ikavuka ziwa Kivu mpaka Kituku. Njia imefungwa, mzigo umezunguka. Hivyo ndivyo pakiti zinavyofanya.

Lakini mji huu unajua pia bei ya kutegemea njia ya pili ambayo hakuna aliyeitayarisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni. Njia ya akiba hutengenezwa mapema, ikapimwa, ikalindwa. Siku ya shida mtu hutumia tu alichokuwa amekitayarisha.

Na hapa ndipo penye lawama. Intaneti ilibuniwa iwe na njia nyingi, ili waya mmoja ukikatika mji usinyamaze. Goma imeuziwa intaneti bila sifa hiyo. Mwenyeji analipa bei ya mtandao wa dunia, naye anapewa kitu kinachoweza kuzimika kwa kosa moja.

Na nyaya hukatika kweli, pande zote mbili. Mwezi Januari 2020, na tena Agosti 2023, nyaya za Atlantiki ikiwemo WACS zilikatika mbele ya mdomo wa mto Kongo, ambako tope la mto huporomoka katika korongo refu lililo chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 ikawa zamu ya mashariki: nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bahari ya Hindi, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikayumba. Anayetegemea bahari moja tu ataanguka siku ya bahari hiyo.

MAGONJWA MATANO, DAWA MOJA YA UONGO

Neno “rezo” linaficha magonjwa tofauti, na kila moja lina mwenye kulijibu.

La kwanza, antene ya mtaa imekosa umeme au mafuta ya jenereta. Hapo hata kupiga simu hakuwezekani, lakini mtaa wa pili wanaongea vizuri. Mwenye kujibu ni kampuni.

La pili, simu zinaita lakini mega hazitembei, na hivyo ni kwa kampuni moja tu huku wateja wa kampuni nyingine wanaendelea. Mnara uko hai. Njia ya nyuma ya mnara au mitambo mikuu ndiyo mgonjwa. Mwenye kujibu bado ni kampuni.

La tatu, makampuni yote yanaanguka kwa saa moja. Hapo ama wote wanapitia waya mmoja uliokatika, ama umeme wa mji umekwenda, ama kuna amri.

La nne, mambo yote yanafunguka isipokuwa Facebook au WhatsApp. Inawezekana wenye huduma hiyo wameanguka wenyewe, kama tarehe 4 Oktoba 2021, walipokosea katika kupanga njia zao na wakapotea duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Inawezekana pia mtu amezifunga kusudi. Kuna daftari la intaneti linalogeuza majina ya kurasa kuwa namba za anwani. Jina likifutwa katika daftari la kampuni, simu haipati anwani ya kuupelekea mzigo, na mteja anabaki kuangalia kiduara kikizunguka.

La tano ni amri ya kuzima kila kitu. Wakongomani wanaijua. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Serikali ilisema inazuia matokeo ya uongo yasienezwe. Watu wa Goma walivuka mpaka kwenda Gisenyi kusoma ujumbe wao, au walinunua kadi za simu za Rwanda. Mwenye nauli na jeto alipata habari. Asiye nacho alibaki na uvumi, uvumi uleule uliosemekana unazuiwa.

Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti ya simu vilikatika. Kwa siku kadhaa familia zilizotawanyika kutoka kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya hazikujua nani amefika wapi. Mabenki nayo yakafunga milango, na tangu hapo simu ndiyo imekuwa benki ya mji. Ni kweli, huduma za pesa kwa simu hupita kwenye njia ya namba fupi isiyotumia mega, na kwa hiyo zinaweza kufanya kazi wakati intaneti imelala. Lakini nazo zinapita kwenye antene ileile, na mara nyingi kwenye nyaya zilezile, mpaka kwenye mashine inayoshika hesabu ya mteja. Njia ikikatika, dola ishirini za mjane ziko kwenye simu yake na hawezi kununua nazo hata unga.

WANAOSEMA NI ANASA

Wapo wanaosema: vita havijaisha, watu hawana chakula, nani ana wakati wa kudai intaneti? Watu hao waulizwe chakula kinapatikana vipi siku hizi. Pesa ya ndugu aliye Kinshasa au Nairobi inafika kwa simu. Jina kwenye orodha ya msaada linaandikwa kwenye simu. Habari kwamba njia ya Rutshuru ni salama au si salama inapita kwenye simu. Walioweka maisha yote ya mkimbizi ndani ya simu hawana ruhusa ya kumwambia kwamba simu ni anasa.

Wapo wanaosema setilaiti itamaliza shida. Starlink, ambayo msimamizi wa mawasiliano ARPTC alikuwa ameikataza Machi 2024, ilipewa kibali Mei 2025. Ni vizuri kuwa na njia moja zaidi. Lakini kifaa chake kinataka pesa na umeme, na mwenye njia ni kampuni moja tu, tena ya mbali. Mji wenye njia moja mbinguni hauna tofauti kubwa na mji wenye njia moja ardhini. Iongezwe, isiwekwe mahali pa nyingine.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni soko la kubadilishana mizigo hapahapa, yaani kituo ambako makampuni yanaunganisha mitambo yao ili ujumbe wa Katindo kwenda Majengo usizungushwe ng’ambo. Kinshasa ilianza na KINIX mwaka 2012, na Goma ilipewa kituo chake, GOMIX. Wana haki, kwa nusu. Ujumbe wa WhatsApp kati ya watu wawili waliokaa kwenye benchi moja bado unapitia mashine za wenye WhatsApp. Kituo kinasaidia pale ambapo kinachotafutwa kimehifadhiwa karibu: kurasa za radio za hapa, masomo, huduma za mji. Basi makampuni yote yaunganishwe pale, na mambo ya Goma yahifadhiwe Goma.

KINACHODAIWA

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema “kama rezo iko”. Kwa hiyo madai ni haya.

Makampuni ya simu yatangaze kwa radio, saa ileile, kila mara huduma inapoanguka: ni mtaa gani, imekatikia wapi, inategemewa kurudi lini. Mega zilizokwisha muda wakati huduma imekufa zirudishwe. Na yaache kushindana kwa matangazo huku wote wakipanga foleni kwenye waya mmoja: yaazimane njia.

Anayeshika madaraka, awe nani, asizime. Na kama amezima, aseme ni yeye, asijifiche nyuma ya neno rezo.

Mashirika ya misaada yasiite watu kwa WhatsApp peke yake. Orodha ibandikwe ukutani, ipitie kwa shefu wa avenyu, isomwe kwenye radio. Radio ndogo ya betri haihitaji ruta, na mtangazaji mmoja anafikia wote kwa pamoja, mwenye mega na asiye nazo.

Na wananchi waache kukubali. Kesho mtu akiambiwa kwenye kabini kwamba ni rezo, aulize maswali matatu: simu zinaita au haziiti? Ni kampuni hii peke yake au zote? Ni mtaa huu au mji mzima? Majibu yakusanywe, yaandikwe na saa yake, yapelekwe radio na kwenye ofisi ya kampuni. Mteja mmoja anayelalamika hufukuzwa mlangoni. Mtaa mzima wenye tarehe na saa zilizoandikwa ni vigumu kuufukuza.